Nukta ya Mwili na Ukingo wa Picha: Historia ya Kupachika Picha Kubwa juu ya Wahusika wa Michezo ya Kompyuta

Katika michezo ya kompyuta ya pande mbili, mhusika anayeonekana kwenye skrini kama mtu mmoja kwa kawaida huwa ni rundo la picha zilizolazwa moja juu ya nyingine, yaani mwili, nywele, shati, kofia, ngao na upanga, kila kimoja kikiwa kimechorwa peke yake ili mchezaji aweze kukivaa na kukivua bila mchoraji kulazimika kuchora upya kila mseto unaowezekana. Picha ndogo ya namna hiyo, inayosogezwa juu ya mandhari bila kuyaharibu, huitwa spraiti, na ile inayolazwa juu ya spraiti nyingine ili kuikamilisha itaitwa katika makala haya picha ya kupachika. Maadamu picha zote zina upana na kimo kimoja, kazi ya kuzipanga ni nyepesi, kwa kuwa pembe ya moja ikikutana na pembe ya nyingine kila kitu hukaa mahali pake. Ugumu huanza pale picha ya kupachika inapozidi ukubwa wa mhusika mwenyewe, kama upanga mrefu unaozungushwa pande zote, mabawa yanayotanda mgongoni, au kofia pana kuliko mabega. Hapo pembe hazikutani tena, na programu isiyoambiwa neno zaidi huuacha upanga ukielea hewani, mbali na kiganja kinachopaswa kuushika.

Tatizo hili lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na kiini chake ni swali moja, nalo ni nani anayepaswa kujua mwili uko wapi ndani ya picha. Ukingo wa picha ni mstatili wa mashine, ilhali mwili uliochorwa ndani yake una miguu, shingo na kiganja ambavyo mstatili haujui habari zake. Katika kipindi cha takriban miaka 40, maarifa hayo yalihama kutoka kwa mwandishi wa programu kwenda ndani ya picha yenyewe, na kutoka kwenye picha kwenda katika makubaliano ya wachoraji wasiofahamiana, na kila hatua ya uhamisho huo ilikuwa na bei yake.

Karatasi angavu na vigingi

Fikra ya kumjenga mhusika kwa matabaka ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa njia ya kutengeneza filamu za katuni kwa kuchora sehemu zinazosogea juu ya karatasi angavu za seluloidi na kuzilaza juu ya mandhari yasiyobadilika. Katika miaka hiyo hiyo Raoul Barré, mchoraji mwenye asili ya Kanada aliyefanya kazi New York, alieneza matumizi ya vigingi, yaani vijiti vifupi vilivyosimamishwa kwenye meza ya kuchorea na kuingia katika matundu ya kila karatasi, ili karatasi zote zikae mahali pale pale kila zinapopangwa.

Mfumo wa vigingi ulifanikiwa kwa sababu karatasi zote zilikuwa na ukubwa mmoja, kubwa kuliko mhusika yeyote, hata kama sehemu iliyochorwa ilikuwa mkono mdogo pembeni na eneo lingine lote likabaki tupu. Utupu huo haukumgharimu mchoraji chochote, kwa kuwa karatasi ya kuchora jicho na karatasi ya kuchora joka zima zilikuwa na bei moja. Katika kompyuta mambo yalikuwa kinyume, kwani kila nukta tupu ilikula kumbukumbu sawa na nukta iliyochorwa, na kumbukumbu ndiyo iliyokuwa adimu kuliko vitu vyote.

Zama za pembe ya juu kushoto

Mashine za mwanzo za michezo ya nyumbani hazikuwa hata na nafasi ya kuhifadhi picha nzima ya skrini. Atari VCS ya mwaka 1977, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Atari 2600, ilikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu ya kuandikia, na chipu yake ya picha iliyoitwa TIA ilitambua vitu vitano tu vinavyosogea, yaani maumbo mawili ya wachezaji yenye upana wa pikseli nane kila moja, makombora mawili na mpira mmoja. Hapakuwa na mahali pa kuandika namba ya mlalo ya mchezaji. Mwandishi wa programu alisubiri mpaka mwale wa televisheni ukaribie sehemu aliyoitaka, akaigusa rejista husika, yaani sehemu ya chipu inayopokea amri, katika nafasi hiyo hiyo, kisha akasahihisha tofauti ya pikseli chache kwa rejista nyingine iliyoruhusu kusogeza hadi pikseli nane upande mmoja na saba upande wa pili. Kulaza umbo moja juu ya jingine ili kupata rangi mbili katika mstari mmoja kuliwezekana, lakini kulimnyima mchezaji wa pili umbo lake.

Chipu ya TMS9918 ya kampuni ya Texas Instruments, iliyotumika katika kompyuta ya TI-99/4A, katika mashine ya ColecoVision ya mwaka 1982 na katika kompyuta za MSX kuanzia 1983, iliweka utaratibu uliokuja kuigwa kwa namna mbalimbali. Ilikuwa na spraiti 32, kila moja ikiwa na pikseli 8 kwa 8 au 16 kwa 16 na rangi moja tu, na kila spraiti iliandikiwa baiti nne katika jedwali: namba ya wima, namba ya mlalo, namba ya umbo na rangi. Mahali pa spraiti palihesabiwa kutoka pembe yake ya juu kushoto, kwa kuwa mwale wa televisheni ulianzia huko na chipu ilihitaji kujua tu ni wakati gani ianze kutoa nukta. Mhusika mwenye rangi tatu alikuwa kwa hakika spraiti tatu zilizopewa mahali pamoja, na kwa kuwa chipu iliweza kuonyesha spraiti nne tu katika mstari mmoja wa skrini, wahusika wawili wa namna hiyo waliokutana kwenye mstari mmoja walianza kupoteza vipande vyao.

Ukubwa wa picha uliwasumbua wabunifu wa chipu hizo kwanza kwenye kingo za skrini. Namba ya mlalo katika TMS9918 ilianzia sifuri na haikuweza kuwa hasi, hivyo spraiti isingeweza kuingia polepole kutoka kushoto, na wabunifu wakalazimika kuongeza biti moja ya pekee iliyoisogeza spraiti pikseli 32 kuelekea kushoto. Kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 ililitatua jambo hilo kwa kuanza kuhesabu nje ya eneo linaloonekana, kiasi kwamba spraiti iliyotakiwa kukaa kwenye pembe ya juu kushoto ya skrini ilipewa namba 24 kwa mlalo na 50 kwa wima, na mashine ya Mega Drive ya Sega ya mwaka 1988 ikafanya vivyo hivyo kwa namba 128 katika pande zote mbili. Namba hizo zinaonyesha kwamba wabunifu walikwisha kutambua kuwa mahali pa picha na mahali pa kinachoonekana si kitu kimoja, ingawa tofauti hiyo waliijua kwa upande wa skrini tu na bado si kwa upande wa mwili.

Katika Commodore 64 ndipo kupachika kulipokuwa sanaa. Chipu ya VIC-II ilitoa spraiti nane za pikseli 24 kwa 21, na mchoraji alilazimika kuchagua kati ya spraiti yenye mistari myembamba lakini rangi moja, na spraiti yenye rangi tatu lakini nukta zenye upana maradufu. Wachoraji waliepuka uchaguzi huo kwa kulaza spraiti ya rangi moja, iliyobeba mistari myeusi ya nje, juu ya spraiti ya rangi tatu iliyobeba ngozi na nguo. Mhusika akapata vyote viwili, lakini kwa kutumia robo ya spraiti zote za chipu.

Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, iliyouzwa nje ya Japani kwa jina la NES, iliuhamishia mzigo huo mzima kwa mwandishi wa programu. Spraiti zake 64 zilikuwa ndogo mno, pikseli 8 kwa 8 au 8 kwa 16, kila moja ikiwa na rangi tatu pamoja na uwazi, na si zaidi ya nane zilizoonekana katika mstari mmoja. Hivyo mhusika yeyote wa maana alikuwa mkusanyiko wa vipande, na mkusanyiko huo ulihitaji jedwali linaloeleza kila kipande kiko umbali gani kutoka nukta moja iliyochaguliwa. Mfano unaojulikana sana ni mchezo wa Mega Man uliotolewa na Capcom mwaka 1987. Mwili wa shujaa wake ulichorwa kwa rangi za buluu na mstari mweusi, na kwa kuwa rangi tatu hazikutosha kuchora uso, uso ulitengenezwa kwa spraiti ya pekee yenye paleti yake, yaani seti yake ya rangi, iliyolazwa juu ya kichwa. Faida yake ilionekana pale shujaa alipobadilisha silaha, kwa kuwa programu ilibadilisha paleti ya mwili na nguo zikageuka rangi, huku uso ukibaki kama ulivyokuwa.

Jedwali la vipande lilikuwa na mtego wake. Shujaa alipogeuka kushoto, chipu iliweza kukigeuza kila kipande kama katika kioo kwa biti moja, lakini haikujua kwamba kipande hicho ni sehemu ya kitu kikubwa zaidi, na mahali pake palibaki vilevile mpaka programu ipahesabu upya. Kipande chenye upana wa pikseli 8 kilichoanzia pikseli 4 kulia mwa mstari wa katikati wa mwili hakikupaswa kuanzia pikseli 4 kushoto baada ya kugeuzwa, bali pikseli 12, kwa kuwa upana wa kipande chenyewe lazima uongezwe kwenye umbali. Aliyesahau nyongeza hiyo alimwona shujaa wake akipasuka katikati kila alipogeuka, na kadiri kipande kilivyozidi ukubwa ndivyo mpasuko ulivyozidi. Maarifa ya mwili, kwa hiyo, yalikaa katika majedwali ya msimbo, na mchoraji aliyebadilisha mchoro alimhitaji mwandishi wa programu abadilishe namba.

Picha inayobeba nukta yake

Hatua ya kuhamisha maarifa hayo kutoka kwenye msimbo kwenda ndani ya faili la picha inaonekana waziwazi katika mchezo wa Doom, uliotolewa na id Software ya Marekani Desemba 1993. Kila picha ya mchezo huo ilianza na namba nne, ambazo ni upana, kimo, na mbili nyingine zilizoeleza nukta asili ya picha, yaani ni pikseli ngapi kutoka ukingo wa kushoto na ngapi kutoka ukingo wa juu mpaka mahali ambapo mhusika anasimama katika dunia ya mchezo. Programu haikuweka tena pembe ya picha mahali pa mhusika, bali ilichukua mahali pa mhusika, ikatoa namba hizo mbili, na kupata pembe.

Faida ya utaratibu huo kwa picha kubwa ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa mtazamo wa haraka. Ichukuliwe kwamba jini linalotembea limechorwa katika picha yenye upana wa pikseli 40, na miguu yake iko katikati, kwenye pikseli ya 20; linaponyoosha mkono wa kulia kurusha moto, picha hupanuka hadi pikseli 70, lakini upanuzi wote uko upande mmoja, na miguu bado iko kwenye pikseli ya 20. Programu inayoweka katikati ya picha mahali pa mhusika ingelisogeza jini pikseli 15 kushoto kwa ghafla kila linapopiga, ilhali programu inayosoma nukta asili haibabaiki, kwa kuwa namba iliyo ndani ya picha ni ile ile 20. Mchoraji aliweza kutanua picha kadiri alivyotaka bila kuomba ruhusa ya mtu, mradi aandike nukta sahihi.

Hata hivyo tatizo la kioo lilirudi kwa mlango wa nyuma. Ili kuokoa nafasi, maadui wengi wa Doom walichorwa katika pande tano tu kati ya nane, na pande tatu zilizobaki zikapatikana kwa kugeuza picha, lakini msimbo wa awali uliendelea kutoa nukta asili ile ile hata picha ilipogeuzwa. Wachoraji wa id Software walikuwa wameiweka nukta karibu na katikati katika picha nyingi, hivyo kosa halikuonekana sana. Baada ya msimbo wa mchezo kutolewa kwa umma mwaka 1997, watu wengine walianza kuchora wahusika wapya kwa ajili ya mradi huru wa Freedoom, na mmoja wa wahusika hao, ambaye nukta yake haikuwa katikati, alionekana kuruka pembeni alipogeuka. Mwaka 2003 toleo la msimbo liitwalo PrBoom lilisahihishwa ili nukta yenyewe igeuzwe pamoja na picha, yaani upana ukitolewa umbali wa kushoto. Kanuni iliyokuwa imefichika katika desturi za kundi moja la wachoraji ilifichuka mara tu kundi la pili lilipoingia.

Shingo, kitovu na kiganja

Michezo ya mtandaoni iliyofuata ilifanya kupachika kuwa biashara yenyewe, kwa kuwa wachezaji maelfu walikutana katika dunia moja na kila mmoja alitaka aonekane tofauti. Ultima Online ya kampuni ya Origin Systems, iliyofunguliwa mwaka 1997, ilimvika mhusika nguo na silaha kwa matabaka, na Diablo II ya Blizzard North ya mwaka 2000 ikaugawa mwili katika viungo kama kichwa, kiwiliwili, miguu, mikono na ngao, kila kimoja kikiwa na picha zake.

Diablo II ililazimika kushughulikia jambo ambalo Doom haikulihitaji, nalo ni mpangilio wa mbele na nyuma. Ngao iliyo mkono wa kushoto huuficha mwili mhusika anapoelekea upande mmoja na kufichwa na mwili anapoelekea upande mwingine, na katikati ya pigo la upanga silaha inaweza kuanza nyuma ya kichwa na kuishia mbele ya kifua. Kwa sababu hiyo kila mwendo ulikuwa na faili dogo lililoeleza, kwa kila upande na kila fremu, ni kiungo kipi kichorwe kwanza na kipi mwisho. Fremu ni picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda mwendo. Kuanzia hapo, kujua mahali pa picha ya kupachika hakukutosha, kwa kuwa silaha ndefu iliyokaa mahali sahihi lakini katika tabaka lisilo sahihi huonekana kama imechomekwa mwilini.

Suluhisho la ujasiri zaidi lilitoka Korea Kusini. Ragnarok Online ya kampuni ya Gravity, iliyoanza kuendeshwa kibiashara mwaka 2002, iliwaweka wahusika wa pande mbili katika dunia ya pande tatu, na kila mhusika alikuwa mwili, kichwa na mavazi ya kichwani yaliyochorwa kando kando. Kila fremu ya mwili ilibeba nukta ya kushikia, yaani nanga, na kichwa kilikuwa na nanga yake. Programu ilizikutanisha nanga hizo mbili, na kofia ikafuata kichwa kwa njia hiyo hiyo. Wachoraji walitumia uhuru huo kwa mapana na marefu, na mavazi ya kichwani ya mchezo huo yakawa maarufu kwa ukubwa na vituko vyake, kwa kuwa picha ya kofia haikulazimika kulingana na picha ya kichwa kwa chochote isipokuwa nukta moja.

MapleStory, mchezo mwingine wa Kikorea ulioanzishwa na Wizet mwaka 2003, uliendeleza fikra hiyo kwa kuzipa nanga majina ya viungo, yakiwemo shingo, kitovu, kiganja na paji la uso. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba katika fremu fulani shingo iko pikseli 4 kushoto na pikseli 32 juu ya nukta asili ya mwili, na katika picha ya kichwa shingo iko pikseli 15 chini ya nukta asili ya kichwa. Ili shingo mbili zikutane, nukta asili ya kichwa huwekwa pikseli 4 kushoto na pikseli 47 juu ya ile ya mwili, kwa kuwa 32 na 15 hufanya 47. Paji la uso hupatikana kutoka kichwani kwa njia hiyo hiyo, na kofia hushikwa kwenye paji hilo. Hata kofia ikiwa na upana mara mbili ya mwili, hesabu haibadiliki, kwani upana wake hauingii popote katika kanuni. Mpangilio wa mbele na nyuma nao ulipewa majina badala ya namba, kwa mfano silaha iliyo juu ya mkono au joho lililo chini ya mwili, na orodha moja ya mchezo mzima ikaamua majina hayo yapangwe vipi.

Katika mfumo huu maarifa yalikuwa yamehama kabisa. Msimbo ulijua tu kukutanisha majina yanayofanana, na mchoraji ndiye aliyejua shingo iko wapi. Hata hivyo mfumo huo ulihitaji kampuni, kwa maana ya wachoraji walio chini ya paa moja, zana moja ya kuweka nanga, na msimamizi wa kuhakikisha kwamba hakuna fremu hata moja iliyosahauliwa.

Makubaliano ya wasiofahamiana

Hali ilikuwa tofauti kabisa kwa wachoraji wa hiari waliotoa kazi zao bure. Mwaka 2012 mashirika ya Creative Commons na Free Software Foundation, pamoja na tovuti ya OpenGameArt, yaliendesha shindano lililoitwa Liberated Pixel Cup, lenye lengo la kupata michoro ya michezo inayoweza kutumiwa na kubadilishwa na yeyote chini ya leseni huru. Waandaaji walitoa mwongozo wa mtindo na miili ya msingi, ili michoro ya watu wengi ionekane kama ya mkono mmoja. Vigae vya ardhi, yaani miraba inayopangwa kutengeneza mandhari, vilikuwa vya pikseli 32 kwa 32, na kila fremu ya mhusika ilikuwa ya pikseli 64 kwa 64. Miendo yote ilikusanywa baadaye katika karatasi moja ya picha yenye upana wa pikseli 832 na kimo cha pikseli 1,344, sawa na fremu 13 kwa 21, ambamo kila mwendo una mahali pake palepale, ukiwamo mwendo wa kutembea wenye fremu 9 na wa kukata kwa upanga wenye fremu 6, katika pande nne.

Makubaliano hayo hayakuwa na nanga wala faili la maelezo, na nguvu yake ilikuwa katika usahili huo. Anayechora shati huchukua karatasi ya mwili, huchora shati juu yake, huufuta mwili, na shati hilo litamkaa kila mhusika aliyechorwa kwa kanuni hiyo, kwa kuwa pembe zote zinakutana. Upanga mrefu, hata hivyo, haukutosha ndani ya pikseli 64, kwani mkono ulionyooshwa tayari ulikaribia ukingo wa fremu. Wachangiaji walitatua jambo hilo kwa kutengeneza fremu za silaha zenye pikseli 192 kwa 192, mara tatu ya upana na kimo cha kawaida, ambamo fremu ya mhusika huchukuliwa kuwa mraba wa katikati kati ya miraba tisa.

Kanuni ya kupachika silaha hiyo ni fupi: tofauti ya ukubwa, 192 kutoa 64, ni 128, nusu yake ni 64, basi pembe ya fremu ya silaha huwekwa pikseli 64 kushoto na pikseli 64 juu ya pembe ya fremu ya mhusika. Mhusika ambaye pembe yake iko mlalo 200 na wima 150 atapachikwa upanga ambao pembe yake iko mlalo 136 na wima 86. Programu inayolinganisha pembe kwa pembe itauweka upanga pikseli 64 kulia na 64 chini ya mahali pake. Kosa la hila zaidi hutokea katika programu zinazopima picha kutoka miguuni, kama ilivyo desturi katika zana za familia ya RPG Maker, ambako picha yoyote hushikwa katikati ya ukingo wake wa chini ili wahusika warefu wachomoze juu ya kigae wanachokikanyaga. Katika utaratibu huo ukingo wa chini wa mhusika wa mfano huu ni wima 214. Fremu ya silaha ikishikwa kwenye ukingo huo, pembe yake itaangukia wima 22 badala ya 86, na upanga utapaa pikseli 64 kamili juu ya mkono, ingawa kwa mlalo utakuwa sawasawa. Kanuni zote mbili ni halali, ila kila moja imechagua nukta yake ya mwili, na picha yenyewe haisemi ni ipi.

Zipo pia athari zinazovuka mahali pa kuchorea. Programu nyingi za michezo inayotazamwa kutoka juu huamua nani yuko mbele ya nani kwa kulinganisha kingo za chini za picha, na fremu ya silaha iliyozidi pikseli 64 kuelekea chini humfanya mwenye silaha achorwe mbele ya mti ambao kwa kweli yuko nyuma yake. Kwa hiyo picha ya kupachika hupangwa kwa miguu ya mwenye kuibeba badala ya ukingo wake wenyewe, na vivyo hivyo eneo la kugongana, yaani mstatili usioonekana unaotumika kujua kama mhusika amegusa ukuta, hubaki la mwili na halitanuki pamoja na upanga.

Bei ya utupu

Njia ya fremu ya pikseli 192 ni kurudi kwa karatasi angavu za Hurd na vigingi vya Barré, kwani karatasi ni kubwa kuliko kitu chochote kitakachochorwa na sehemu yake kubwa ni tupu. Fremu ya 64 kwa 64 ina pikseli 4,096, na ya 192 kwa 192 ina pikseli 36,864, yaani mara tisa. Mwendo mmoja wa kukata, wenye fremu 6 katika pande nne, huhitaji pikseli 884,736, karibu asilimia 79 ya karatasi nzima ya mhusika yenye miendo yote, na iwapo silaha imegawanywa katika tabaka la nyuma na tabaka la mbele, hesabu huongezeka maradufu. Kwenye diski utupu huo hubanwa na kuwa kitu kidogo, lakini katika kumbukumbu ya kadi ya picha, ambako kwa kawaida kila pikseli huchukua baiti nne, tabaka moja la mwendo huo hufikia takriban megabaiti 3.5.

Zana za kisasa hujaribu kuupunguza utupu bila kuvunja makubaliano. Programu kama TexturePacker hukata kingo tupu za kila fremu, huzipanga sehemu zilizobaki katika karatasi moja, na kuandika pembeni ukubwa wa awali pamoja na umbali uliokatwa, ili mchezo uweze kuirudisha picha mahali pake. Hapo historia nzima hujirudia, kwa kuwa zana moja huhesabu umbali huo kutoka pembe ya juu kushoto na namba zikiongezeka kuelekea chini, wakati mfumo wa cocos2d huhesabu kutoka katikati ya picha hadi katikati ya picha ya awali na namba zikiongezeka kuelekea juu. Unity, zana ya kutengenezea michezo iliyoanza kuwa na vifaa vyake vya pande mbili mwaka 2013, humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua nukta ya kila spraiti, na Godot, zana nyingine ya aina hiyo iliyofunguliwa msimbo wake mwaka 2014, huanza na katikati ya picha mpaka ielekezwe vingine. Programu za mifupa kama Spine, ambazo huvisha picha juu ya kiunzi kinachosogea, zimeifanya nanga kuwa kiungo halisi cha mhusika, na fremu nyingi hazihitajiki tena.

Kati ya njia zote zilizotajwa, ile ya nanga zenye majina ndiyo bora kwa vigezo vya uhandisi, kwani haipotezi kumbukumbu, haijali ukubwa, na hustahimili mwili unaobadilika umbo. Hata hivyo ndiyo inayodai nidhamu kubwa kuliko zote, kwa sababu fremu moja isiyo na shingo humwacha mhusika bila kichwa. Njia ya mraba mkubwa hupoteza sehemu kubwa ya kila fremu, lakini mchangiaji wake haulizwi chochote isipokuwa ukubwa wa karatasi, na kosa lake likitokea huonekana mara moja, kwa kiasi kile kile kila mahali, na husahihishwa kwa namba moja. Kampuni yenye wachoraji wake na msimamizi wake huweza kuigharamia nidhamu. Kundi la watu waliotawanyika, wanaoongeza kofia na mikuki kwa miaka mingi bila kukutana, hulipa kwa kumbukumbu ya mashine, ambayo imezidi kuwa rahisi kila muongo, ili wasilipe kwa mapatano, ambayo hayajawahi kuwa rahisi.